Ndoo ya Samadi, Jani la Isale

Bremen, 2 Aprili 2023

Dada Mektrida,

Shikamoo. Huku baridi imeng'ang'ania kama mgeni aliyenusa pombe ya mbege jikoni. Aprili imeingia na bado navaa soksi mbili. Afya ni njema. Msalimie jirani yetu Veronika, umwambie zile ndizi kavu alizonifungia niliporudi huku zilikwisha kabla ndege haijatua. Leo ni Jumapili ya Matawi na nimesali kwenye simu, usimwambie padri. Najua ulipotoka kanisani ulimpitishia Daniel wako tawi, pale kaburini chini ya kahawa. Mpwa wangu yule namkumbuka sana, alivyokuwa akinikimbiza na fimbo ya kuchungia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" kabla sijamaliza sentensi. Barua hii anakuletea Ronald, mwanafunzi mwenzangu, pamoja na chupa za kuchukulia sampuli. Isome mara mbili.

Ule mwani ulio kwenye matangi nyuma ya zizi ni mdogo, jicho haliuoni mmoja mmoja, lakini kila chembe yake ni kiwanda. Inachukua jua na hewa inatengeneza sukari, kisha sukari inapita njia nyingi mno ndani ya chembe. Njia hizo zote nimeziandika kwa hesabu ndani ya kompyuta, moja moja, kama mtu anayechora mifereji yote, mifongo ya Kilema, ili ajue ukiziba maji huku yatatokea wapi. Kompyuta inasema hivi: chembe ikipata naitrojeni, ile iliyomo kwenye mbolea, inazaa. Ikinyimwa naitrojeni na jua likaendelea kuwaka, haizai tena. Sukari yote inaigeuza mafuta. Hayo mafuta ndiyo dizeli ninayoitafuta.

Hapa Bremen nimeiona kwenye chupa, chini ya taa. Sasa profesa anataka kuona kama hesabu zangu zinasimama kwa jua la kwetu. Zikisimama nina shahada na kazi. Zisiposimama nina kompyuta tu.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu ya Pasaka ni maji ya mfongo na mwiko wa kukorogea, basi. Hakuna mbolea. Hakuna huruma. Utaona mwani unapauka na kuwa wa manjano. Usiogope, hapo ndipo unanona.

Mdogo wako,
Sirili


Kilema, 7 Mei 2023

Sirili mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tunaendelea. Mvua inanyesha hadi nguo za kwenye kamba zimeota ukungu. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi mwenye baka jeupe usoni, na Veronika kashamwita Bremen. Nimepika kiburu cha ndizi na maharage jana nikakukumbuka, ulivyokuwa ukikwangua sufuria mpaka mama anakunyang'anya, Mungu amrehemu.

Ronald ni kijana mwenye adabu. Anakula kila anachopewa na haulizi kuna nini ndani. Amechukua chupa zake za kwanza, akarudi tena kuchukua za pili, zote kaziweka kwenye barafu kama samaki.

Mifugo yako ya kwenye matangi haijambo. Naikoroga asubuhi na jioni kwa mwiko ule wa mbege. Kuna siku ilipauka nikapata wasiwasi, lakini sasa ni ya kijani kama mgomba baada ya mvua, mpaka povu linapanda. Wewe mwenyewe ungeiona ungecheka kwa furaha. Imenenepa.

Usisahau kula. Sauti yako ya mwisho kwenye simu ilikuwa nyembamba.

Dada yako,
Mektrida


Bremen, 25 Juni 2023

Mektrida,

Shikamoo yako leo haipandi kooni. Utanisamehe, au usinisamehe.

Binamu yetu Filemon amenitumia picha. Wewe na ndoo. Anasema ni samadi iliyokorogwa na mkojo wa ng'ombe, ndoo nzima kwa kila tangi, katikati ya wiki nilizokuandikia waziwazi hakuna mbolea. Nilisoma barua yako ya Mei mara nyingi kutafuta mahali uliposema. Umesema ndama, umesema kiburu, umesema povu.

Nilisimama mbele ya watu nikaonyesha matokeo. Kompyuta ilisema mafuta, matangi yakasema uji wa kijani. Profesa aliniuliza kama hesabu zangu nimezipigia baa. Watu walicheka kwa adabu, kama wanavyocheka huku. Sijawahi kukuchukia kabla ya siku hiyo, na sasa najua inavyokuwa.

Nimewaeleza wafadhili ukweli: hesabu ni sahihi, kosa ni la mtu. Wamekubali nijaribu tena kwa mabwawa makubwa, na bila wewe. Mabwawa hayo yatakaa kwenye kihamba chetu, kwenye migomba na kahawa ya baba. Mimi ni kitindamimba, nyumba ya baba na kihamba chake ni vyangu kwa mila, na wazee wa ukoo nimeshazungumza nao. Wewe uliolewa ukarudi. Tulikuvumilia. Mwaka huu ukiisha uwe umetoka.

Kaburi la Daniel halitaguswa. Nimeliwekea alama kwenye ramani.

Usinipigie, namba yako nimeifunga. Ukiwa na la kusema andika, napenda mambo yenye maandishi.

Sirili


Kilema, 9 Julai 2023

Sirili,

Salamu zako hukuzileta, lakini mimi nazileta zangu. Kahawa imeanza kuiva upande wa juu. Ndama Bremen anaharisha, namnywesha maji ya mchele. Veronika ameng'oa jino. Ndizo habari za nyumbani, na wewe ni wa nyumbani hata ukikasirika.

Ndiyo, niliweka. Nilikaa siku kadhaa naitazama ile mifugo ikipauka, na kila nikipita kumpelekea ng'ombe majani naona ninawapita wengine wenye njaa. Kwetu mnyama akiwa zizini hana miguu ya kwenda kujitafutia, mwenye zizi ndiye miguu yake. Ndiyo maana tunashuka porini na kupanda na mizigo ya majani kichwani. Sijawahi kufunga kiumbe nikamnyima. Ulipoandika "hakuna huruma" nilidhani ni ile mizaha yako ya kitabuni. Nikasema nitaipa kidogo tu, itapona, na Sirili atafurahi akikuta haijafa. Sikukuambia kwa sababu niliona haya, kama mtu aliyempa mtoto sukari wakati daktari amekataza.

Na wewe nani alikupa? Mama alipolala kitandani mwaka ule wa ukame, ulikuwa unalia kwa njaa mpaka sauti inakatika. Nilikuwa binti mdogo. Nilikwenda kwa watu nikaomba, nikakupikia mtori wa ndizi bila nyama nikakulisha kwa mkono huu huu ulioshika ndoo. Mkono haujabadilika, Sirili. Haujui kufanya kingine.

Naomba unisamehe. Naomba pia nisitoke. Si kwa ajili ya nyumba, chukua nyumba, mimi nitalala hata kwenye banda la ng'ombe. Ni kwa sababu ya Daniel. Kila asubuhi nikitoka nje huwa namwambia kumekucha. Nikiondoka nani atamwambia?

Ndani ya bahasha nimekuwekea jani la isale. Nimelichuma pale mpakani kwa baba, nimelifunga fundo mwenyewe. Sina haja ya kukukumbusha maana yake. Mtu akishaletewa isale akalishika, hana tena ruhusa ya kukataa msamaha, hata kama ameuawa ndugu. Shule ilikupeleka mbali lakini hilo haikuweza kukutoa.

Dada yako,
Mektrida


Bremen, 17 Septemba 2023

Mektrida,

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi.

Bahasha yako ilifika imefunguliwa na kufungwa upya. Ndani palikuwa na barua yako na karatasi ya forodha. Huku majani ya kutoka nje hayaingii bila cheti cha afya ya mimea, wanaogopa magonjwa. Wameliteketeza. Kwa hiyo jani unalolisema sijaliona. Wewe mwenyewe umeandika: akishaletewa akalishika. Mila naijua kama wewe. Nisingeweza kulikataa, na sikulikataa. Sikulishika tu.

Na usimpe Filemon lingine alishike kwa niaba yangu. Nimemwambia mikono yake iwe na shughuli nyingine.

Umeniandikia ukurasa mzima wa njaa. Nikuambie kitu ambacho kompyuta imenifundisha. Chembe iliyoshiba haina sababu ya kutoa kitu. Inakula, inajaza nafasi, inazaa vitu visivyo na faida. Hakuna ubaya ndani yake, ndivyo ilivyo. Ukitaka itoe, unaziba mlango mmoja tu, halafu unangoja. Huhitaji kuigusa wala kuipigia kelele. Nilikosea kukuomba utoke. Nilitakiwa kuziba.

Filemon atafunga tawi la mfongo linaloingia kwetu, na bomba atalikata. Majani yanayokatwa kule porini, kwenye shamba la baba la chini, nayo ni yangu kuanzia leo. Nimepiga hesabu, ng'ombe wawili na mwanamke mmoja hawafiki Krismasi.

Sikufanyi hivi kwa hasira. Hasira iliisha Juni.

Sirili


Njoro, Moshi, 28 Januari 2024

Shikamoo bwana mwenye kihamba,

Najua umri wangu. Najua pia sasa nani mkubwa, kwa hiyo nakuamkia, uniitikie au usiniitikie.

Hesabu zako zilikuwa sahihi. Ndama alikufa Novemba. Ng'ombe nilimuuza akiwa mbavu tupu kwa mtu wa machinjioni, nikageuka nisimwone akipandishwa garini. Nilikuwa nabeba maji kutoka kwa Veronika mpaka Filemon alipokwenda kumtisha mumewe. Nilitoka kabla ya Krismasi. Nina chumba hapa Njoro na mbuzi mmoja, naye nimemfunga kwenye nguzo ya kibaraza.

Katapila lilikuja baada ya Mwaka Mpya. Nilipanda kuangalia, nikasimama barabarani kama wageni wanaopita. Walianza na nyumba ya baba, wakafuata kahawa yake. Kisha wakang'oa masale yote ya mpakani, yakalala chali na mizizi juu. Wakachimba mashimo, wakatandika turubai jeusi, wakajaza maji.

Unakumbuka alama uliyoweka kwenye ramani? Filemon anasema ramani ilikuwa ya kompyuta na dereva alikuwa hana kompyuta. Msalaba wa Daniel niliuona kwenye lundo la kifusi karibu na choo. Niliubeba nikashuka nao Njoro. Uko nyuma ya mlango wangu. Yeye mwenyewe yuko chini ya bwawa la tatu.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia kwa sababu unapenda mambo yenye maandishi.

Mektrida


Bremen, 18 Agosti 2024

Dada yangu Mektrida,

Shikamoo. Shikamoo dada. Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Februari na kila mara naishia hapo kwenye shikamoo. Natumaini u mzima, natumaini Njoro joto halikusumbui kifua. Mimi nimekonda. Profesa ameniruhusu kumaliza mwezi huu, maana yake niondoke.

Nitakuambia yote kwa mpangilio, maana nikiacha moja sitarudi kulisema.

Mabwawa tulianza kuyajaribu masika, na hayakutoa mafuta. Hata tone. Hakuna aliyeweka ndoo, Filemon aliweka walinzi, na bado mwani ulikuwa wa kijani na unazaa kama wazimu. Ndipo nilipokumbuka chupa za kwanza za Ronald, zile alizochukua kabla ya ndoo yako. Zilikuwa zimegandishwa kwenye friji hapa chini ya meza yangu mwaka mzima. Sikuwahi kuzipima. Nilikuwa na picha ya Filemon, nikaona inatosha.

Nimezipima. Naitrojeni ilikuwa imejaa tayari, na mafuta hayakuwepo. Inatoka kwenye mfongo. Maji niliyapima Januari, wakati wa kiangazi, nikayaandika kwenye kompyuta kuwa ni matupu. Lakini Aprili mvua zikianza watu wote wa juu yetu wanaweka mbolea kwenye kahawa na mahindi, mvua inaiosha, mfongo unaileta kwetu. Mimi nimezaliwa pale. Nimewekea kahawa mbolea kwa mikono yangu kila masika. Niliandika njia zote za ndani ya chembe nikasahau njia moja inayopita mbele ya mlango wa baba.

Ule mwani haukuwa na njaa, dada. Kupauka ulikokuona kulitokana na mvua iliyojaza matangi na kuuzimua. Majaribio yalikuwa yameharibika kabla hujashika ndoo. Wewe hukufanya kitu. Wewe hukufanya kitu kabisa, na mimi nilikuulia ng'ombe, nikabomoa nyumba, nikamfunika Daniel.

Wafadhili wameondoka. Nimemwambia Filemon ayatoe maji ya bwawa la tatu na atoe turubai. Nitajenga tena kaburi kwa mikono yangu. Nitakujengea nyumba palepale, na kihamba nitakiandika kwa jina lako, wazee wakitaka wasitake.

Jambo moja jingine. Ile siku ya forodha niliandika kama mwanasheria. Nilijua jani limetoka wapi na limefungwa na nani. Nililishika, dada. Kwenye ile karatasi ya forodha kulikuwa na kipande kidogo kimebaki kwenye gundi, cha kijani kilichokauka, nilikitambua na nikakiosha kwenye sinki.

Namtuma Filemon kwako na isale. Nimemwambia avae vizuri, alishike kwa mikono miwili, aseme maneno yote. Masale yetu hayapo, ataliomba kwa Veronika. Sitaki kulituma kwa posta. Tafadhali, dada. Lishike tu. Siwezi kurudi nyumbani bila hilo, na hapa sina tena mahali.

Mdogo wako,
Sirili


Njoro, Moshi, 15 Septemba 2024

Sirili,

Marahaba. Umeniamkia mara mbili, nakuitikia mara moja.

Mimi ni mzima. Joto la Njoro nimelizoea. Veronika alishuka juzi na mkungu wa ndizi, anasema mabwawa yako yana vyura wengi hadi watu wa upande ule wanagombana na usingizi. La tatu limetolewa maji kama ulivyosema. Nilipanda kuliona. Ni tope tu, lote limelingana, na Filemon aliniuliza mimi kaburi lilikuwa wapi. Kahawa haipo, mpaka haupo, nyumba haipo. Nilitembea nikatafuta mpaka miguu ikachoka. Sijui, Sirili. Mimi niliyemwambia kumekucha kila siku, sijui alipo.

Barua yako nimeisoma yote. Nimefurahi kujua kwamba sikuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba ninalo, na ndiyo maana nilivumilia mengi.

Sasa habari ya jani. Filemon alifika Jumamosi, amevaa suti ya harusi, jani kalishika kwa mikono miwili, limefungwa fundo vizuri. Alisimama mlangoni akasema maneno yote bila kukosea hata moja. Mimi nilikuwa nakanda unga. Nikamwambia aliweke pale kibarazani, ninawe mikono kwanza, maana isale halishikwi na mikono yenye unga. Akaliweka. Nikaenda kunawa. Nilinawa taratibu, nikanawa mpaka viwikoni.

Mbuzi hakuwa amekula tangu asubuhi. Majani hapa mjini ni shida. Filemon alitaka kumnyang'anya, nikamwambia amwache. Wewe unanijua, siwezi kuona kiumbe ana njaa nikamzuia.

Kwa hiyo usije ukawaambia wazee kwamba nimekataa. Isale halikataliwi, na mimi sikulikataa. Sikulishika tu.

Mbuzi hajambo.

Dada yako,
Mektrida